Wawindaji wa Ukingoni

Kati ya shamba la muhogo la bibi yangu na maji ya Ziwa Victoria palikuwa na ukanda usiokuwa na mwenyewe. Ulianzia kwenye yale mawe makubwa ya kijivu yaliyotapakaa Ukerewe nzima, ukashuka kwenye mchanga, ukapita tope jeusi lililojaa kwato za ng'ombe, ukaishia ndani ya matete na mafunjo, pale ambapo mguu haujui tena kama umekanyaga nchi kavu au ziwa. Mtu mzima aliuvuka kwa hatua chache, ndoo kichwani, mawazo yake yakiwa kwingine. Mimi na binamu zangu tulishinda humo. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, na kila likizo mama alinipandisha meli Mwanza, nishuke Nansio, nichukuliwe na mjomba. Nikiulizwa leo nilikulia wapi, kinachonijia kwanza si nyumba wala shule. Ni ukanda ule, na wadudu waliokuwa wakiwinda humo.

Watu wa ziwani huzungumza habari za samaki, na wana haki, maana ndio wanaowalisha. Wageni huulizia mamba na kiboko. Lakini ukichuchumaa ukingoni asubuhi nzima bila haraka, utagundua kwamba uwindaji mwingi unaofanyika pale unafanywa na viumbe wa miguu sita, na kwamba kila mmoja ana namna yake, saa yake na mahali pake. Huyu anakimbiza, huyu anavizia, huyu anangojea kinachodondoka.

Wa kwanza kuwajua walikuwa kereng'ende waliotufuata. Si wale wakubwa wanaopita juu kwa kasi wakati wa mvua. Hawa walikuwa wadogo, wafupi, na madume yao yalikuwa na utepe mpana mweusi katikati ya kila bawa. Hawakupenda kutua kwenye vijiti. Walitua chini, kwenye mchanga na tope, kimya, mpaka upite. Ukipita, walinyanyuka kumi, ishirini, wakaruka kandokando ya vifundo vya miguu yako wakikuzunguka mbele na nyuma, na ukisimama, walitua tena. Ng'ombe wa jirani walipoletwa kunywa maji jioni, kila ng'ombe alikuja na kundi lake la kereng'ende chini ya tumbo.

"Wanakusindikiza, mume wangu," bibi aliniambia, kwa lile jina ambalo bibi zetu huwaita wajukuu wao wa kiume. Niliamini hivyo kwa muda mrefu, na nilitembea ukingoni kwa heshima ya mtu aliyepewa walinzi. Ni mjomba aliyenionyesha jambo lenyewe. Aliniambia nisiwatazame kereng'ende, nitazame nyasi ninazozikanyaga. Kila hatua ilifukuza vijidudu vidogo visivyoonekana vizuri kwa macho, vikapaa kidogo kutoka kwenye majani mafupi, na papo hapo bawa lenye utepe likapita na kimoja kikatoweka. Mguu wangu ulikuwa mtumishi wao. Walikuwa wamejifunza, au wamezaliwa wakijua, kwamba kiumbe mkubwa anayetembea ukingoni anawaamsha wadogo waliolala.

Baadaye sana, nilipoanza kusoma mambo haya, nilikuta kwamba wanasayansi wamewaandika. Wako katika kundi wanaloliita Brachythemis, na tabia yao ya kufuata watu na wanyama wakubwa kando ya maji inajulikana sana. Nilikuta pia kwamba Mwingereza mmoja, Philip Corbet, alifanya kazi Jinja, ng'ambo ya ziwa hilihili, katika kituo cha utafiti wa uvuvi cha Afrika Mashariki miaka ya 1950, na kwamba kitabu chake cha 1962 kuhusu maisha ya kereng'ende kilisomwa duniani kote. Nilifurahi kupita kiasi. Mambo tuliyokuwa tukiyaona tukiwa na kaptula zilizochanika yalikuwa yametazamwa na mtu mzima aliyelipwa mshahara ayatazame.

Binamu yangu mkubwa alikuwa na mchezo wake. Aliokota punje ya kokoto, akairusha juu mbele ya kereng'ende aliyetulia. Kereng'ende alichomoka, akaifikia ikiwa bado hewani, akaikagua, akarudi palepale alipokuwa. Hakuikimbiza kwa nyuma. Alikata njia, akakutana nayo pale ilipokuwa inaelekea. Hiyo ndiyo siri yake. Mabawa manne yanaendeshwa kila moja kwa misuli yake, na yale macho mawili makubwa yana maelfu kwa maelfu ya vijicho vidogo ndani yake. Katika majaribio yaliyofanyiwa kereng'ende waliofungiwa mahali pa wazi, walinasa hadi mawindo 95 katika kila 100 waliyoyarukia. Simba hawezi hata kuota hesabu hiyo.

Juu kidogo, kwenye mchanga mkavu, aliishi mbawakawa mwenye miguu mirefu na taya zinazopishana. Huyo alikimbia, akasimama ghafla, akakimbia, akasimama. Tulidhani anatuogopa. Cole Gilbert wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba mbawakawa wa jamii hii hukimbia kwa kasi ambayo macho yake hayaimudu. Akiwa mbioni windo linampotea machoni, basi inambidi asimame alitafute upya. Watoto wake hawakimbii kabisa. Hukaa ndani ya shimo la wima, jembamba, kichwa kikiziba mlango sawasawa na ardhi, na siafu au chungu akipita karibu, kichwa kinafyatuka na kumvuta ndani. Sisi tulichomeka unyasi shimoni na kungoja utikisike. Ulipotikisika tulivuta, na mara nyingi hakutoka, kwa sababu mgongoni ana kulabu anazojishikiza nazo kwenye ukuta wa shimo.

Kwenye vidimbwi vya kwato za ng'ombe na kwenye maji yaliyotulia kati ya matete walikuwako wale wanaotembea juu ya maji bila kuzama. Sitakaa kwao sana, kila mtoto aliyewahi kuchota maji kisimani anawajua. Ila tuliwahi kuwaangushia nzi aliyekatwa bawa, na tukaona jinsi mtapatapo wake unavyotuma viwimbi pande zote, na jinsi wale wadudu wanavyogeuka wote kwa pamoja kabla hata hawajamwona. Husoma maji kwa miguu.

Usiku ulikuwa na watu wake. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi wakati wa giza, yaani siku ambazo mwezi haupo, kwa sababu taa ndiyo inayowakusanya dagaa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Miaka ile mafuta ya taa yalikuwa ya shida. Kuna vipindi vya giza vilivyopita mitumbwi ikiwa imefunikwa kifudifudi mwaloni kwa kukosa mafuta. Kwa hiyo siku ambayo mjomba na wenzake walipata mafuta, mwalo mzima uliamka. Karabai ziliwashwa mchangani kwanza, zikapigwa pampu, zikajaribiwa, na sisi watoto tukaruhusiwa kukaa mpaka mitumbwi iondoke.

Wadudu wa ziwa walikuja kabla hatujaketi. Hao tuliwazoea. Mchana huonekana mbali ziwani wakipaa kwa nguzo ndefu kama moshi wa kijiji kinachoungua, na upepo ukigeuka, wanaingia nyumbani, kwenye ugali, puani. W. W. Macdonald, aliyewachunguza ziwani humu, aliandika mwaka 1956 kwamba hutoka majini kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Wapo wengine, wenye mabawa mapana na maisha ya saa chache tu, ambao watoto wao hutoboa mbao za mitumbwi na mashina ya mafunjo. Hao R. Hartland-Rowe alionyesha mwaka 1955 kwamba huzuka muda mfupi baada ya mwezi mpevu. Mjomba hakuwa amesoma lolote kati ya hayo. Lakini alijua ni usiku gani asiache mdomo wazi, na alijua ni wakati gani wa mwezi mbao za mtumbwi wake zinatoa wageni.

Halafu kitu kizito kilianguka mchangani karibu na taa. Kilikuwa kipana, bapa, rangi ya jani lililooza, kirefu kupita kidole changu cha kati, na miguu ya mbele iliyokunjwa tayari kukumbatia. Nilinyoosha mkono.

"Huyo mwache, mjomba," alisema mjomba, akanivuta bega. Alinionyesha mkononi mwake, kati ya kidole gumba na cha shahada, mahali alipochomwa na mmoja wao akiwa anatoa matete kwenye nyavu. Alisema mkono ulimuuma mpaka kwapani, usiku kucha. Wavuvi walimwita tu mdudu wa taa. Wataalamu wanamweka katika ukoo mmoja na kunguni, na silaha yake ni ileile ya kunguni, mdomo wa kuchoma, isipokuwa huyu hafyonzi damu ya aliyelala. Hujificha kati ya mashina kichwa kikiwa chini, ncha ya nyuma ikigusa uso wa maji ili avute hewa, na chura, kiluwiluwi au samaki mdogo akipita, anamkumbatia, anamchoma na kumwingizia mate yanayomlegeza na kuyeyusha nyama yake kwa ndani. Kisha anakunywa. Asubuhi moja tulimkuta mmoja akiwa amemshika samaki aitwaye furu, mwenye urefu uliolingana na wake. Yule furu alikuwa bado na rangi zake zote, buluu ubavuni na wekundu mkiani, na ndani alikuwa maji.

Ningemchukia mdudu yule laiti nisingeona jamaa yake mdogo, bapa vilevile, mgongo wake ukiwa umejaa mayai yaliyopangwa wima bila kuacha nafasi. Tulidhani ni vipele vya ugonjwa. Tulimpeleka kwa shangazi kwenye sufuria bovu. Siku hizi najua kwamba aliyebeba alikuwa baba. Jike humtagia dume mgongoni na kwenda zake, na dume hukaa karibu na uso wa maji, akiyapigisha mayai hewa mpaka yaanguliwe, na wakati wote huo hawezi kuruka. Wale wakubwa wa taa, jike hutaga kwenye shina lililo juu ya maji, na ni dume tena anayepanda kuyalowanisha yasikauke. Hatukujua hayo siku ile. Tuliona tu kwamba yule mdudu mkali alikuwa akienda taratibu sana ndani ya sufuria, asigonge ukingo. Shangazi alimtazama kwa muda, kisu cha samaki mkononi, akasema, "Mrudisheni mlikomtoa. Palepale."

Hawa jamaa wadogo wa mdudu wa taa hula pia konokono. Nalitaja kwa sababu konokono wa maji yetu ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo, na hakuna familia pale mwaloni ambayo kichocho hakikuifikia. Tuliwaona wazee wenye matumbo yaliyojaa maji na mikono iliyokonda, na hatukujua kwamba kilichowafanya vile kilikuwa kwenye maji yaleyale tuliyoogelea. Sisemi wadudu wangetuponya. Dawa ndiyo inayotibu, na choo na maji salama ndivyo vinavyozuia. Ila kila konokono aliyeliwa kati ya mashina yale alikuwa konokono mmoja pungufu, na kazi hiyo ilifanyika kila usiku bila kumgharimu mtu chochote.

Nilijifunza mengi juu ya kereng'ende ndani ya tumbo la samaki. Sangara alipandikizwa ziwani upande wa Uganda na Kenya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na upande wetu wa kusini alishamiri katika miaka ileile ya likizo zangu. Mara ya kwanza nilipomwona shangazi akimpasua, tumbo lilijaa furu. Miaka iliyofuata furu walipungua kwenye nyavu, kisha wakapungua na matumboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa wameanza kazi kwenye Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Walifika kuhesabu aina za furu, wakajikuta wanaandika kuondoka kwao. Aina zipatazo 200 zilitoweka au zikawa haba mno. Sisi tulilisoma jambo hilo kwenye ubao wa shangazi. Badala ya furu, matumbo ya sangara wadogo yalianza kutoa uduvi, dagaa, watoto wa sangara wenyewe, na wadudu wanene wa rangi ya tope wenye macho makubwa.

Wale wadudu walikuwa watoto wa kereng'ende. Nilikataa. Mwenye bawa la utepe mweusi na hiki kitu chenye matope wangewezaje kuwa nasaba moja? Mjomba alinitafutia mmoja aliye hai kutoka kwenye mizizi ya mafunjo, tukamweka kwenye kopo pamoja na viluwiluwi. Mtoto wa kereng'ende ana mdomo wa chini uliorefuka, uliokunjwa chini ya kichwa, wenye vibano mwishoni. Kiluwiluwi alisogea. Sikuona mdomo ukienda. Niliona tu kiluwiluwi akiwa hapa, kisha akiwa ameshikwa. Tulipomgusa kwa kijiti, alisukuma maji kwa nyuma, kutoka kwenye sehemu ileile anayopumulia, akaruka kwenda mbele. Koponi hakubaki kiluwiluwi.

Mjomba alinipeleka pia alfajiri kwenye matete kabla jua halijatoka, akanionyesha ngozi tupu zilizoshikilia mashina, kila moja na mpasuko mgongoni. Usiku, alisema, hupanda kutoka majini, hupasuka, na hutoka na mabawa. Kwenye shina moja tulimkuta aliyechelewa, mabawa bado yamekunjamana na yana unyevu. Tulingoja mpaka yakanyooka.

Hapo ndipo nilipouelewa ukanda ule, ingawa sikuwa na maneno. Kereng'ende hahitaji ziwa tu, wala nchi kavu tu. Anahitaji shina linalosimama majini na kutokeza juu. Mdudu wa taa anahitaji shina hilohilo kwa mayai yake. Mbawakawa anahitaji mchanga usiochimbwa. Sato wadogo wanahitaji kivuli cha mizizi wasionekane na sangara. Ukikata mafunjo yote ili mtumbwi upite kirahisi, wote hao wamekosa mlango wa kutokea au wa kuingilia.

Na mafunjo yalikatwa. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, samaki akawa na bei, kambi zikajaa, na kila kambi ikafyeka mwalo wake. Gugu maji lilipofika, ukingo ulizibwa kwa miezi na maji chini yake yakakosa hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 baadhi ya watu walivua kwa sumu za mashambani, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria kuingia kwake. Magazeti yaliandika juu ya hasara ya fedha za kigeni. Hakuna aliyeandika kwamba sumu inayoua samaki imekwisha kuua kila kitu chenye miguu sita mahali ilipomwagwa. Nilikuwa kijijini muda mfupi baada ya tukio la namna hiyo kwenye ghuba ya jirani. Nilitembea kwenye nyasi fupi za ukingoni, mwendo mrefu, na hakuna kilichonyanyuka miguuni pangu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri. Mita 60 zinautosha ukanda wa bibi na kusaza. Lakini mwaka uliofuata na ule wa 2006 maji yalishuka sana, ukingo ukahama, tope jipya lenye rutuba likatokeza, na mwenye njaa haulizi mita zinaanzia wapi. Binamu yangu, yule wa kokoto, alirithi shamba la bibi. Alinunua pampu, akapanda nyanya na kabichi mpaka kwenye maji, akapulizia dawa kila wiki. Nilimweleza yote haya niliyoyaandika hapa. Alinisikiliza kwa adabu, akaniambia ada za shule za watoto hazilipwi na kereng'ende.

Sikuwa na jibu, na bado naona alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 2020 ziwa lilifurika kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote aliye hai pale. Nyanya zilikwenda, udongo wa juu ukaenda nao, na pampu ikaokolewa na jirani. Upande wa kaskazini, mbele ya shamba la mjane mmoja ambaye hakuwa na nguvu ya kufyeka, matete yalikuwa yamesimama na udongo wake ulikuwa mahali pake. Binamu alikwenda kulitazama lile shamba mara kadhaa kabla hajasema kitu. Msimu uliofuata alianza kupanda kuanzia kwenye mawe ya kijivu kwenda juu, na chini ya mawe akaacha. Wanawake wanakata mafunjo ya mikeka humo kwa zamu, wanaacha mashina na mizizi.

Jirani wa kusini bado analima mpaka majini. Tumemfuata, binamu na mimi, tukakaa barazani kwake, akatukaribisha uji. Anasema atafikiria, ila kwanza anataka kuona binamu atavuna nini mwaka huu.